Viatu Mlangoni pa Kanisa

La Rochelle, Johannesburg
17 Februari 2019

Mjomba Bakiri,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako ipokee, na ya mkaza mjomba Zuhura mpelekee huko huko jikoni asije akasema nimemruka. Mimi mzima. Duka la mablanketi linanishughulisha, chumba ni kile kile, na kikohozi kimeondoka chenyewe. Nimefurahi kusikia mbuzi amezaa mapacha, nikasikitika kwamba masikio yako yamezidi kuwa mazito. Kama simu kwako ni kelele tu, basi Mussa atubebee barua kwenye lori lake, hata zikichukua miezi.

Sasa nikwambie jambo, na usinune kabla hujafika mwisho. Nimeingia kanisani.

Mvua ya mawe ilinikuta katikati ya mji, nikakimbilia kibaraza cha kanisa kuu lililo nyuma ya duka letu. Mlinzi wake ni Mkongo wa Bukavu, anaitwa Gaston, mtu mrefu mwenye miguu mikubwa ajabu. Akaniambia niingie nisiloe bure. Nikavua viatu mlangoni. Gaston alicheka mpaka kofia ya sare ikamwanguka. Anasema tangu aanze kulinda mlango ule hajaona mtu akivua viatu.

Mjomba, lile jengo si la kusimuliwa. Mtindo wake unaitwa Gothi, wa Ulaya ya zamani sana. Hili la hapa lilijengwa enzi za dhahabu, matajiri wa migodi walipotaka wawe na kile walichokiacha kwao. Kila tao limechongoka juu. Ukisimama katikati, macho hayana pa kwenda ila juu, mpaka shingo inauma. Madirisha ni ya vioo vya rangi, na jua lilipotoka baada ya mvua, sakafu yote ikawa buluu na nyekundu. Nilitazama miguu yangu mitupu nikaiona buluu.

Nje, juu ya paa, wamechonga mashetani ya mawe, midomo wazi, na maji ya mvua yanatoka humo midomoni. Yanatazama barabarani. Niliyaogopa, sikufichi. Gaston anasema yamewekwa nje ili yatishe mabaya yasiingie.

Usiwaambie watu wa msikitini.

Mpwa wako,
Burhani

*

Ngamiani, Tanga
28 Machi 2019

Kwa Burhani,

Waalaykumu salaam. Sisi tupo. Goti la Zuhura linamsumbua akiinama na halimsumbui akienda harusini. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Wateja wangu wamehamia viatu vya plastiki, wanavinunua Ijumaa na Ijumaa ya pili vimeachama, lakini hawarudi kwangu, wanaona haya.

Barua yako niliisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Kuingia nyumba ya ibada ya watu kwa sababu ya mvua si dhambi. Kukaa humo ukitazama masanamu mpaka shingo inauma, hilo ni lako na Mola wako. Ila umevua viatu, na hapo nimekutambua kuwa ndiye wewe niliyekulea. Popote jina la Mungu linapotajwa, viatu mlangoni, tena uviweke sawa kando ya ukuta, si kuvitupa kama mlevi. Na sakafu yao uitazame vizuri, nasikia makanisa ya namna hiyo wanazikana ndani. Usikanyage kaburi la mtu.

Lakini si kanisa linaloninyima usingizi. Mwaka 2015 walipokuwa wanawawinda wageni huko, ulinyamaza msimu mzima, na Zuhura akaanza kukusomea dua kwa sauti ambayo watu huwasomea marehemu. Marehemu dada yangu aliniachia wewe tu. Uliniahidi kwamba ukiona dalili tena, utapanda basi urudi. Ahadi ile bado ninayo.

Niambie kama kuna dalili.

Bakiri

*

La Rochelle
9 Juni 2019

Mjomba,

Assalaam alaykum na shikamoo. Baridi imeingia, mablanketi yanatoka, tajiri anacheka. Pole kwa mbuzi. Mwambie mkaza mjomba goti lake nalijua tangu zamani.

Dalili hakuna za kusema. Watu wanasemasema, kama kawaida ya mji mkubwa. Kwenye teksi sizungumzi, nikiwa na Mtanzania mwenzangu tunatazamana tu mpaka tushuke. Gaston amenifundisha kiwiko kinavyoitwa kwa Kizulu, kwa kuwa zamani fujo zilipozuka mtu alikuwa anasimamishwa njiani, anaonyeshwa kiwiko, anaulizwa kinaitwaje. Yeye Kizulu anakisema kama aliyenyonya nacho. Mimi neno hilo moja nalirudia kila nikisimama kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, kungoja kuvuka. Hiyo si dalili, ni tahadhari.

Nakuandikia habari njema. Kule kanisani kuna dirisha lenu mafundi. Juu yake kuna watakatifu wao, lakini chini kabisa, mahali mtu anapofikia kwa mkono, wamechorwa mafundi viatu wawili kwenye vigoda. Mmoja anakata ngozi, mwenzake anatoboa soli. Padri mmoja mzee alinieleza kwamba huko Ulaya mafundi viatu walikuwa wanachangia dirisha la kanisa, na wao wenyewe wanachorwa pale chini. Hapa wamefuata desturi hiyo. Gaston akanionyesha jambo jingine: kwenye mawe ya nguzo kuna alama ndogo ndogo, mshale, msalaba, samaki. Kila mwashi alitia alama yake kwenye jiwe alilolichonga. Nikakukumbuka wewe na mishono yako mitatu unayoitia kwenye soli iwe alama yako.

Sijakanyaga kaburi. Viatu huwa naviacha mlangoni, sawa, kando ya ukuta. Gaston hacheki tena, siku hizi ananitazamia visiibwe.

Burhani

*

Ngamiani, Tanga
14 Julai 2019

Burhani,

Waalaykumu salaam. Zuhura anasema goti lake si la kutaniwa na watoto. Zaidi ya hapo hapana jipya.

Masanamu ni masanamu, msimamo wangu ni ule ule. Lakini huyo anayetoboa soli ameshikaje msharasi? Ameushika kwa ngumi au kwa vidole? Kama ni kwa ngumi, mchoraji hakuwahi kuingia kibandani kwa fundi. Utazame uniambie.

Mussa anakuletea makubadhi. Ngozi ni ya ng'ombe, nimeilainisha mwenyewe kwa mafuta, na kanda za gidamu nimezishona mara mbili. Kipimo chako nilikuwa nacho tangu ulipoondoka, miguu yote miwili, maana miguu ya mtu haifanani hata siku moja, na fundi anayepima mmoja akakisia wa pili ni mwizi. Alama yangu iko kwenye soli ya kushoto kama siku zote. Vimekatwa kwa ajili yako peke yako. Mtu mwingine akivivaa vitamkataa, hiyo ndiyo kazi yangu ninayojivunia mjini hapa.

Kusema "si dalili, ni tahadhari" hukukusoma kwangu. Mtu anayejifunza jina la kiwiko kwa hofu ya kuuawa ameshaona dalili. Rudi, Burhani. Ninaogopa, na sioni haya kuliandika neno hilo.

Bakiri

*

La Rochelle
20 Septemba 2019

Mjomba,

Assalaam alaykum. Shikamoo nyote wawili. Mimi mzima.

Msiisikilize televisheni ya kinyozi. Fujo zilikuwa mitaa mingine. Makubadhi yalinifika, yakanikaa vizuri sana, lakini nimeyapoteza, naomba usiniulize vipi. Nina ombi. Nishonee kama kipimo hiki kilivyo, nimekichora kwenye boksi la mablanketi. Ni cha rafiki.

Mussa ana haraka.

Burhani

*

Ngamiani, Tanga
25 Oktoba 2019

Burhani,

Waalaykumu salaam. Zuhura hajambo, mbuzi hajambo, mimi ndiye nina jambo.

Umeniletea boksi lenye mguu mmoja. Wa kulia, mkubwa kama kasia, na wa kushoto haupo. Nilikulea kwenye kibanda changu, umeona nikiwarudisha wateja kwa sababu ya kukaza kidole tu ninapowapima. Huyo rafiki yako ni mtu au ni korongo, anasimama kwa mguu mmoja? Niletee wa pili nishone, sina kawaida ya kukisia.

Nimetania, sasa nimemaliza. Barua yako haina kanisa ndani yake. Nilikuuliza msharasi umeshikwaje, hukujibu. Miezi yote umenijaza madirisha na nguzo, na siku ninayouona moshi wa mji wako kwenye televisheni ya kinyozi, watu wanakimbia na wengine wanawafuata na marungu, ndiyo siku unaniandikia mistari minne. Nilimuuliza Mussa. Mussa ni mwongo hodari, safari zake zote humwongopea mkewe bila kupepesa jicho, lakini kwangu alianza kukagua matairi ya lori. Akasema umemwapisha.

Usiku Zuhura anaamka kufunga mlango ambao umeshafungwa. Mimi namwona nanyamaza, maana nilikuwa nataka kuamka kwa kazi hiyo hiyo.

Nataka ukweli. Kisha nataka urudi. Nimemwambia Mussa akiona ukibisha akupakie kama gunia.

Bakiri

*

La Rochelle
24 Novemba 2019

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Mkaza mjomba mpe shikamoo na umwambie niko hai na viungo vyangu vyote. Nakwambia hivyo kwanza kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Siku ile mwanzoni mwa Septemba tulifunga duka kabla ya adhuhuri. Umati ulikuwa unakuja kutoka upande wa stesheni ukiimba. Nyimbo zenyewe nzuri, mjomba, ndilo lililonitisha zaidi. Teksi za kurudi nyumbani hazikuwepo, nikakimbilia kanisani. Gaston alikuwa anaingiza watu, wanawake wa Kikongo wa saluni na watoto wao, Wamalawi kadhaa, bibi mmoja wa Msumbiji na kapu lake la nyanya. Nikafika mlangoni. Umati uko nyuma yangu, na mimi nikavua viatu. Sikufikiri. Miguu ilivua yenyewe. Nikaviweka sawa, kando ya ukuta, nikaingia.

Gaston akafunga mlango, akabaki nje kibarazani na sare yake. Mpango wake ulikuwa kuwaambia kwamba kanisa limefungwa na ndani hamna mtu, na kwa Kizulu chake wasingemdhania mgeni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, kwenye ufa. Wakamwamini. Walikuwa wameshaanza kuondoka, mmoja wao akaviona viatu.

Huku hakuna avaaye makubadhi ila sisi makwerekwere, jina wanalotuita wageni. Akamuuliza Gaston ni vya nani. Gaston angeweza kusema hajui. Lakini angesema hajui, wangeuvunja mlango wamtafute mwenyewe. Akasema:

"Ngezami."

Maana yake, ni vyangu. Wakamwambia avae waone.

Mjomba, uliniandikia kwamba mtu mwingine akivivaa vitamkataa. Vilimkataa. Kisigino chote kilikuwa nje, na alisimama hivyo kwenye ngazi, mtu mzima, kama mtoto aliyevaa vya mdogo wake. Mmoja wao akacheka. Baada ya hapo hawakucheka.

Sitaandika walichomfanya. Nilisikia chote. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo na sikulifungua. Nyuma yangu akina mama wamewaziba watoto midomo, na nikiligeuza lile komeo wote wanaonekana. Hayo ndiyo ninayojiambia. Ukweli ni kwamba hata kama ningekuwa peke yangu sijui kama mkono ungesogea. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Macho niliyapeleka kwa wale mafundi wawili kwenye dirisha, nikawatazama mpaka king'ora cha polisi kikasikika na umati ukatawanyika. Msharasi anaushika kwa vidole, mjomba. Nilikuwa na muda wa kuuona vizuri.

Goti la kushoto la Gaston lilikuwa limesagika. Hospitalini wakapambana nalo, likaoza, wakaukata mguu juu ya goti. Nilikwenda kumwona na boksi na kalamu ili nimpime. Nilimaliza wa kulia, na kwa mazoea uliyonizoesha nikainua shuka kutafuta wa pili.

Ni yeye aliyeomba, usidhani nimebuni. Aliniambia, "Ambia mjomba yako, viatu vyake viko bien, viko muzuri, lakini viko vidogo. Anitengenezee yangu." Kisha akageukia ukutani.

Aliporuhusiwa nilikwenda kwake. Ana mke, Jeanne, msusi wa nywele. Sikuwa nimeonana naye tangu siku ile, maana hospitalini nilikuwa nakwenda saa ambazo najua hayupo. Alifungua mlango, hakunitazama usoni, alinitazama miguuni. Nilikuwa nimeshavua tena, hapo hapo kizingitini kwake, bila kujijua. Akasema taratibu:

"Weye, juu ya nini ulitoa viatu?"

Alikuwa anaulizia siku ile ya kanisani. Ningemwambia nini, kwamba ni adabu? Halafu akainama, akaviokota, akaviingiza ndani, akafunga mlango kwa ufunguo. Aliniletea chai. Hakuniuliza tena.

Kanisani dirisha la mafundi limefunikwa kwa mbao, wanahofia mawe. Upande ule sasa ni giza. Yale mashetani ya juu yako palepale, midomo wazi. Hayakumtisha mtu.

Nilikuficha kwa sababu mbili. Ya kwanza, ungeniamuru nirudi, na mimi ndiye ninayemshika Gaston anapojifunza magongo, Jeanne yuko saluni kutwa. Ya pili, sikujua nikuandikieje kwamba ni viatu vyako.

Niamuru sasa. Safari hii nitatii.

Burhani

*

Ngamiani, Tanga
19 Desemba 2019

Mpwa wangu Burhani,

Waalaykumu salaam. Barua yako nilimsomea Zuhura nikiruka baadhi ya maneno. Akaniambia nirudi nisome niliyoyaruka. Nikasoma. Aliinuka akaenda uani, na goti hakulitaja.

Nilifanya mzaha wa korongo. Mwombe Gaston radhi kwa ajili yangu, hata kama hukumwonyesha barua ile.

Nimekaa kibandani siku nyingi sishiki kazi. Huku kwetu mtu akipita akaona viatu vingi mlangoni, anajua ndani kuna karamu au kuna msiba, na vyote viwili anaingia. Mwenye nyumba akiviona vinaongezeka anamwambia mkewe atie maji kwenye mchuzi. Adabu niliyokufundisha ilikuwa ya mji huo. Mji ambao viatu mlangoni vinamfanya mtu auawe sikukufundisha, kwa sababu sikujua kama upo. Na kujivunia kwangu kiatu kinachomkataa mtu, hilo nalo nimeliacha. Kijana wa jirani amekuja kuniagiza jozi, akanisifu kwa maneno yangu yale yale, nikamwambia anyamaze.

Kuhusu ule mkono wako kwenye komeo. Mimi nisingelifungua, Burhani. Nimejiweka pale mlangoni kila siku tangu barua ifike, na kila siku sifungui. Usijihesabie peke yako.

Sasa amri uliyoiomba. Nimekuandikia "rudi" mpaka wino umenichosha, na leo moyo wangu wote unataka niandike tena. Ninaogopa kuliko nilivyoogopa mwaka 2015, maana wakati ule sikujua cha kuogopa. Lakini ukirudi kabla huyo mtu hajasimama na kutembea mwenyewe, nyumba hii hutaikuta wazi. Kaa. Mshike. Zuhura ameafiki, na amesema nikuandikie kwamba bado anafunga mlango kila usiku, basi wewe pia ufunge wako.

Mussa ana kifurushi. Nilipata kipimo cha mguu mmoja, na nimeshona jozi. Nilisema fundi anayekisia ni mwizi, basi mimi leo ni mwizi, nimeukisia wa kushoto kutoka kwa wa kulia. Sikuweza kukiacha. Alama yangu huwa iko kwenye soli ya kushoto, na sijawahi kutoa kiatu kibandani kwangu bila alama.

Cha kulia akivae. Nimekiacha na nafasi ya kutosha, hakitambana. Cha kushoto mpe Jeanne akiweke popote apendapo, chini ya kitanda au kabatini. Ila mlangoni kisikae.

Mjomba wako,
Bakiri